Njiani na Tairi Lisilo na Upepo

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na nimepewa kazi ya kusoma historia ya mtu ambaye angekuwepo hapa angeshaniambia nifupishe, tuondoke.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Njiani kwa kuwa kila alipopigiwa simu jibu lake lilikuwa hilo hilo, na kweli alikuwa njiani, alizaliwa tarehe 9 Februari 1955 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yetu, mtoto wa pili kati ya wavulana watatu, na mama alikuwa akisema huyu alitembea kabla ya kujua kukaa.

Alianza shule mwaka 1962 na kumaliza sekondari mwaka 1973, walimu wakiandika kila mwaka kwamba ana akili ila kiti kinamchoma, na Januari 1975 akaajiriwa idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya kwa baiskeli, mlango kwa mlango, mpaka alipostaafu tarehe 28 Februari 2010. Tarehe 6 Agosti 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, ambaye mita ya kwao ilisomwa mara tatu katika mwezi mmoja, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni mwuguzi, na vijana wawili wa kiume.

Mei 2008 alifariki kaka yetu mkubwa, tukasoma mbele za watu kwamba alisumbuliwa na mgongo, maana ndivyo alivyotuambia, na mgongo huo tuliuchua kwa dawa, kumbe ilikuwa saratani ya tezi dume, akaona aibu kuitaja hata kwa ndugu zake wa tumbo moja. Njiani alipoelezwa ukweli na daktari baada ya maziko, hakulia, alikasirika, na hasira ile haikumtoka tena. Ndiyo maana ameagiza ugonjwa uliomuua yeye niutaje mara mbili: saratani ya tezi dume, saratani ya tezi dume.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu alipanda baiskeli akaenda mji hadi mji, siku nyingi barabarani, akiwahimiza wanaume wapime mapema na kukusanya michango ya kuwalipia wasio na uwezo. Mji wa kwanza alisimama sokoni akasema wazi, wanaume wote ghafla wakakumbuka wana shughuli, akabaki na watoto na mbuzi. Mji wa pili aliingia na pancha, na hapo wakamzunguka, kila mmoja fundi, huyu anashika pampu, yule anabishana kuhusu kiraka, wala hakuna aliyekubali kuondoka kabla tairi halijasimama, naye akazungumza nao wakiwa wameinama, macho kwenye spoku, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Tangu siku hiyo, kila alipokaribia mji alishuka, akatoa upepo mwenyewe, akaingia akiikokota baiskeli kwa uso wa huruma.

Aprili 2016 kipimo chake kilionyesha ugonjwa, ukiwa bado mchanga, akatibiwa, akarudi barabarani miaka mingine saba, hadi mwanzoni mwa mwaka huu ulipoingia mifupani. Wodini, hata usingizini, miguu ilikanyaga chini ya shuka. Kilichomkosesha raha hakikuwa kifo, tulikuwa sisi, mimi na vijana wake wawili, ambao kila alipouliza kama tumepima tulimjibu kwa jibu lake mwenyewe, kwamba tuko njiani. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani mlioleta viti na maturubai, wenzake wa idara ya maji, na waendesha baiskeli mliofika na vumbi lenu.

Asubuhi hii niliikuta baiskeli yake imeegemezwa ukutani hapo nje, tairi la mbele limelala, nikaumia sana, nikatafuta pampu, nikaambiwa anayo binti, aliyekaa na wauguzi wenzake kwenye turubai dogo, nikamfuata, akasema, "Baba mdogo, kunja kwanza mkono wa shati," na hii ndiyo pamba ya kutolewa damu ya kipimo mnayoiona hapa, na wale vijana wake wawili nao wanazo. Tairi nililijaza, lakini upepo umeshatolewa tena, ni maagizo ya marehemu, na wanaume naona mmeanza kulitazama. Pampu bado iko kwa binti.

Pumzika kwa amani, kaka, ingawa kupumzika hukukuzoea. Sisi tumefika.