Mama Sponji, Aliyeitambua Kuvumwani ya Kinamasi cha Juu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, naomba masikio yenu kidogo. Mimi ni mdogo wake marehemu, dereva wa katapila, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, na mwanawe wa kwanza akanipa karatasi iliyoandikwa vizuri sana, nimeiweka mfukoni, nitasoma hii niliyoiandika mwenyewe, kwa sababu ile imeniruka mahali, na mimi sipendi kufunikwa shuka mahali ambapo ukweli unajulikana.

Dada yetu, ambaye nusu ya mji ilimwita Mama Sponji na yeye akaitika, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha pampu ya maji, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi bomba na mshona nguo. Alianza shule ya msingi Januari 1960, akamaliza 1966, akasoma sekondari miaka miwili tu, maana Novemba 1968 baba alianguka kutoka kwenye ngazi ya tangi akavunjika nyonga, na dada akarudi nyumbani kumuuguza, hakuna aliyemlazimisha, ingawa mwalimu wake wa biolojia alikuja mara tatu kugonga mlango.

Tarehe 11 Januari 1971 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, kazi yake kuosha vioo, akaosha miaka minne kabla ya kuruhusiwa kuweka jicho kwenye hadubini, na siku aliyoruhusiwa ilibidi aambiwe mara mbili kwamba wenzake wameshaondoka. Hadi anastaafu tarehe 30 Aprili 2007, yeye ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wenye vyeti jinsi ya kupaka rangi sampuli. Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1976 na dereva wa gari la wagonjwa, shemeji yangu mpole kuliko wote, aliyefariki mwaka 1998, wakajaliwa watoto watatu, mwalimu, muuguzi na fundi wa friji, na wajukuu saba.

Sasa nifike kwenye kinamasi. Tarehe 17 Septemba 1989 maabara ilimtuma akachote maji pale mto wa mji wetu unapoanzia, mwendo wa saa tatu kwa mguu, alitarajia chemchemi, akakuta uwanda mpana wa baridi, kijani hapa, wekundu pale, unaotikisika ukikanyagwa kama godoro juu ya maji. Alichota konzi moja ya kuvumwani iliyoota pale, mmea mdogo laini unaofyonza maji kama sponji, akaikamua, kikombe kikajaa, akabaki ameshika kitu kisicho na mzizi wala ua, na aliporudi aliniambia, "Mdogo wangu, mto wetu wote umelala ndani ya kitambaa." Nilimwambia apumzike, jua limempiga.

Kosa lake silifichi, maana mwenyewe alilisimulia akicheka hadi machozi. Kwa miaka mitano alimtumia mtaalamu wa mimea wa chuo kikuu sampuli kwa posta, bahasha thelathini na moja, na zote alichuma vichwa tu, kama mtu anayechuma mboga, mashina akayaacha majini, kumbe aina za kuvumwani hii zinatofautishwa hasa kwa majani madogo ya kwenye shina. Mwaka 1994 mtaalamu alimjibu kwa mstari mmoja, "Mama, umeniletea kofia thelathini na moja, sasa naomba na wenye kofia."

Akapanda tena, akaleta mashina mazima, akayapaka ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni, kwa sababu jani lenyewe halina rangi ya kutosha kuonekana, na chini ya hadubini iliyotupwa na hospitali aliona ncha ya jani imechambuka nyuzinyuzi kama pindo la nguo iliyochakaa. Mtaalamu akasema ni aina ya kawaida, imechanwa na posta. Dada akasema posta haichani majani mia mbili kwa mtindo mmoja. Wakabishana kwa barua miaka minane.

Hapa ndipo karatasi ya mwanawe iliponiruka. Oktoba 2003 mradi wa kilimo ulitaka kinamasi kikaushwe, na aliyechimba mtaro wa kukikausha ni mimi. Kwa siku tatu nilichimba mita mia moja na arobaini, upana mita moja, kina mita tatu, na tarehe 8 dada alinikuta pale, hadubini mgongoni, nami nikamfokea mbele ya wenzangu, "Dada, unataka niharibikiwe na kazi kwa ajili ya majani ya kuoshea sufuria?" Hakunijibu kwa ukali, alisema tu, "Shuka uone, ukishaona rudi uchimbe."

Nilishuka ili nimnyamazishe. Aliweka hadubini juu ya mnyororo wa katapila, akanionyesha jani bichi, zambarau, vyumba vitupu vyenye matundu, maelfu, vimepangwa kama nyumba zinazosubiri wapangaji, na wapangaji ni maji. Kisha akaingia ndani ya mtaro wangu, akabana kwa vidole udongo mweusi kidogo kutoka chini kabisa, akaupaka dawa, akaniambia tazama tena. Lilikuwa jani lile lile. Pindo lile lile lililochambuka. Mtaalamu alikuja kutuambia baadaye kwamba jani hilo lina zaidi ya miaka elfu tano, lakini mimi nilijua pale pale, miguu yangu ilijua, kwamba nimesimama ndani ya kitu kilichokuwa kikihifadhi maji kabla hakujawa na mtu wa kuyanywa, na nimekikata kwa siku tatu.

Nilizima mtambo, nikamwambia msimamizi atafute dereva mwingine. Mtaalamu alifika baada ya wiki mbili, akazama hadi magotini, akatazama, akavua kofia, akasema, "Mama, posta tuisamehe." Mwaka 2005 aliiandika kuwa ni aina ya pekee, mradi, uliokuwa umesimama tangu siku ile, ukahamishwa, na mimi na dada tukaziba mtaro kwa mbao, kizuizi kila baada ya mita tano, maji yakasimama, kuvumwani ikaanza kurudi yenyewe.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2018, akalazwa mara nne, akafariki tarehe 9 Juni 2021, saa nane mchana, watoto wake wote wakiwa kitandani pake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliompikia na kumfulia, wenzake wa maabara, na mtaalamu aliyesafiri siku mbili kuwa nasi.

Dada, kwa miaka kumi na minane hukunidai nikuombe radhi, na mimi kwa kiburi changu sikuiomba, leo naiomba mbele ya watu hawa. Juzi nilipanda nikapima, mtaro wote umeshafunikwa na kuvumwani isipokuwa mita tisa. Hizo niachie mimi. Wewe lala, dada yangu, lala kwa amani.