Mukandekezi Alipopoteza Hamu

Tarehe 30 Juni 1993 Bi. Mukandekezi anastaafu, baada ya kuwauguza watu wetu kwa miaka ishirini na sita. Zahanati yetu ya Remera inamuaga kwa furaha, na kwa moyo uliotulia.

Alianza akiwa mfunga vidonda, kisha akasomea uuguzi wa magonjwa ya akili. Siku hizo mgonjwa wa sonona aliitwa mvivu hata na ndugu zake. Mukandekezi aliwaeleza, kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiswahili, kwamba ubongo una sehemu ya kututuza: ukimaliza kazi au ukila kwa njaa, hukupa raha kidogo ili kesho urudie. Sonona huinyamazisha sehemu hiyo. Mtu asiyeonja raha ataamkia nini?

Mwaka 1985 aliletewa Twahiru, fundi cherehani wa Biryogo, ambaye hakuwa ameshika sindano miezi minne. Mbali na dawa za daktari, Mukandekezi alimpa kazi moja: kushona kifungo kimoja kwa siku. "Usingoje hamu," alimwambia. "Anza, itakufuata." Wiki ya tisa Twahiru alileta koti zima, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Alicheka mwenyewe kabla yetu, na mkewe akalia.

Mwishoni mwa 1990 ugonjwa huohuo ukamshika Mukandekezi. Alifika kazini kwa wakati, akajaza faili, ila aliacha kuimba kwenye korido. Sisi wauguzi tulidhani ni uchovu. Aliyegundua ni Twahiru, alipokuja kuchukua dawa.

"Mama, hiyo chai iko tamu?"

"Sijui. Kila kitu ni kama maji."

"Basi iko sonona ile yangu. Twende kwa daktari."

Alikataa, aliona aibu, yeye anayetibu sonona. Twahiru akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa, mpaka mama akainuka, wakaingia pamoja kwa Dokta Ntakirutimana.

Mukandekezi alikaa nyumbani kwake Rebero miezi mitano. Tulipomtembelea alitutazama tu, nasi tulirudi tukiogopa kumpoteza. Alimeza dawa, akajilazimisha kumwagilia tuta moja la mboga kila siku, ingawa hakuona maana yake. Kisha, asubuhi moja ya Mei, simu ya zahanati ililia. Ni mimi niliyepokea. Mukandekezi alisema amekula parachichi, na sasa anataka la pili.

Aliporudi hakuficha. Aliwaambia wagonjwa kwamba naye alipita huko, na tangu hapo watu wengi huja wenyewe, mapema, bila kuburutwa.

Asante, mama. Unaondoka ukiwa mzima, na hilo ndilo tuliloliombea. Kapumzike Rebero kwa amani. Na giza likirudi siku yoyote, usione haya: njoo, tutakaa nawe kwenye benchi.