Mzee Punguza na Ngoma za Wimbo wa Nne

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, fundi mkuu wa sauti wa studio yetu atazima mitambo kwa mara ya mwisho na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na nne na miezi miwili. Kwa wasiomjua kwa jina la kwenye orodha ya mishahara, huyu ndiye Mzee Punguza. Jina hilo alilipata kihalali. Katika miaka yote hiyo hakuna mwanamuziki aliyeingia chumba cha kurekodia akatoka bila kuambiwa apunguze: sauti, mbwembwe, manukato, na mara moja idadi ya wapiga besi.

Alianza kazi akiwa kijana mwembamba wa kuviringisha nyaya. Baada ya miaka sita alikabidhiwa kiti cha mbele ya mtambo wa kuchanganyia sauti, kiti kilekile mnachokiona leo, ambacho sponji yake ilishakwisha likabaki umbo la mwenyewe. Amerekodi kwaya, matangazo ya sabuni, hotuba za wakubwa na hadithi za watoto. Vyote vilitoka safi. Usafi ndio ugonjwa wake. Mkewe anasema hata nyumbani redio huipunguza hadi msomaji wa habari anasikika kama anawasengenya majirani.

Mafanikio yake makubwa kuliko yote, hata hivyo, ni albamu ya *Chuma Kinalia*, ya miaka ishirini na moja iliyopita. Kwa faida ya wafanyakazi wapya, hiyo ilikuwa albamu ya roki nzito ya vijana wanne waliovaa majaketi meusi ya ngozi kwenye joto la kuyeyusha lami. Mpiga dramu wa bendi hiyo ndiye anayeandika wasifu huu, kwa hiyo msitegemee upole.

Roki nzito, kama mjuavyo, ni gitaa linalokwaruza. Linakwaruza kwa makusudi. Tulinunua kifaa maalumu cha kulikwaruzisha. Mzee Punguza alisikiliza dakika mbili, akasimamisha kazi, akatangaza kwamba kuna waya umekatika. Akabadilisha waya. Akachomea plagi upya. Akafungua spika yenyewe na kuipangusa vumbi kwa mswaki. Mpiga gitaa wetu alimweleza mara tatu, kwa heshima zote, kwamba sauti tuitakayo ndiyo hiyo. Mzee alimwangalia kama mzazi anayeambiwa na mtoto kwamba hana homa. Wiki iliyofuata, sisi tukiwa tumekwenda kupiga picha za jalada, aliusafisha mkwaruzo wote, wimbo baada ya wimbo, hadi albamu nzima ikang'aa.

Ikatoka. Gazeti moja liliandika kwamba inafaa kuchezwa kwenye chumba cha kumsubiria daktari wa meno. Mashabiki walirudisha kaseti dukani wakidhani wamepewa za kwaya. Kati ya nakala elfu mbili, elfu moja na mia saba ziko stoo hadi leo, na chache zinafanya kazi nzuri chini ya mguu wa meza ya mhasibu. Mwimbaji wetu anauza matairi. Mpiga gitaa hasalimiani na mpiga besi. Mpiga dramu aliomba kazi hapahapa studio, kwa muda tu, akisubiri bendi ijiunge upya. Muda huo umefika miaka ishirini, akiwa msaidizi wa mtu aliyemmaliza.

Kilichompa mpiga dramu huyo nguvu ni kipande cha gazeti. Gazeti lilelile, baada ya kutuzika, lilimalizia kwa kusema kwamba wimbo wa nne pekee ndio wenye uhai, kwa sababu ya mpiga dramu, ambaye ana mkono na ana moyo. Sentensi hiyo aliitia fremu akaitundika juu ya meza yake. Kila mfanyakazi mpya ameonyeshwa. Mchumba wake alionyeshwa fremu kabla ya kuonyeshwa wakwe. Mzee Punguza amepita mbele yake kila asubuhi na chupa yake ya chai, bila kusema lolote. Siku moja tu aliinyoosha, maana ilikuwa imekaa upande. Mpiga dramu alidhani ile ni aibu ya mkosaji.

Jumatatu iliyopita tulifanya makabidhiano ya kabati lake. Kila mkanda una karatasi yenye mwandiko wake wa herufi ndogondogo. Nilipofika kwenye mikanda ya *Chuma Kinalia* nilifurahi kweli, nikasema sasa dunia itasikia alichotuharibia. Kwenye mkanda wa wimbo wa nne ameandika hivi: "Dramu za kijana zimekimbia mno, hazirekebishiki. Nimepiga mwenyewe, kwa boksi la karatasi na kandambili. Asiambiwe."

Nikavaa hedifoni. Nikasikiliza za kwangu, kisha za kwake. Nilirudia mara nne nikitafuta pa kubishia, sikupaona. Mkono ulikuwa wake, na moyo pia. Sijawahi kuona aibu kiasi hicho, wala sikujua kwamba mtu niliyemnunia miaka ishirini alikuwa akinihurumia muda wote huo. Nilipomuuliza, sauti ilinipanda. Akaniambia nipunguze, akaendelea kupanga vikombe vyake kwenye mfuko.

Kamati imemwandalia saa ya ukutani isiyo na mlio, kwa ombi lake mwenyewe. Zaidi ya hiyo, atakabidhiwa fremu moja kuukuu, kioo kimepata ufa pembeni. Tafadhali mpigieni makofi kwa nguvu zote, hata akiinua mkono kuwazuia. Sifa zilizomo ni zake. Zimechelewa tu kumfikia.

Mzee, ahsante kwa usafi, hata ule ambao hatukuuomba, na ahsante kwa kunyamaza. Kapumzike nyumbani na mama, na umwachie redio angalau asikie habari. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, na hiyo, tunakusihi, usiipunguze.