Yule wa Kalenda Naye Afunikwe

Sogeeni wanangu. Fauzia, keti huku miguuni pangu, na wewe Swabir, izime kwanza hiyo kompyuta, kwani maneno ya mgonjwa hayarudiwi.

Mnajua nilivyoanza. Nilikuwa msichana hapa Diani hoteli zilipokuwa zikijengwa, mzungu mmoja mpiga picha akanisimamisha ufukweni nimejifunga leso moja kifuani, na picha ile ikawa kalenda, ikatundikwa kwenye mabucha na magereji kutoka Ukunda hadi Lungalunga. Nilikula kwa picha miaka mingi. Sikuiba, wala sioni haya. Lakini dada yangu Dama alinikuta nimetundikwa juu ya nyama ya mbuzi, na tangu siku hiyo hajaonja chakula cha chungu changu.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wapiga picha waliponichoka nikauza leso, hata mwaka wa tisini na saba Swabir akaniingiza kwenye intaneti, tukaiweka picha ile ya kalenda mbele ya duka letu la humo, na oda zikaja kutoka Ujerumani na Uswizi. Nilishukuru. Kisha zikaanza barua. Wanaume nisiowajua wanamwandikia yule msichana, wanamuuliza ameamkaje, na wewe mwanangu unawajibu kwa jina langu: nimeamka vyema, nakungoja ufukweni. Nami huku siwezi hata kujigeuza kitandani.

Juzi niliwasikia barazani. Swabir ulisema, "Huyo ndiye duka. Tukimtoa, tunafunga." Fauzia ukamjibu, "Haya kaka, mama akifa utamlilia nani, na yule hajambo?" Mkacheka. Mimi sikucheka. Tangu hapo nikifumba macho namwona amesimama pale mlangoni na leso yake, maji ya bahari yanamchuruzika, hazeeki, anangoja nitoke apate nafasi.

Basi nisikilizeni. Shamba la mikorosho la Msambweni mligawane kwa sheria ya Mungu. Duka ni lenu nyote wawili, na msiogope, leso zetu ni nzuri, chema chajiuza. Atakayeniosha ni Dama. Mwiteni, mwambieni nimemwomba mimi mwenyewe. Alikataa kunitazama pichani, na anitazame sasa, naye anajua kuwa mwosha hasemi alichokiona.

Na saa ile anapoanza kuniosha, Swabir, wewe keti kwenye mashine yako umtoe yule msichana. Usimjibu mtu tena kwa jina langu. Pale aliposimama yeye, weka leso iliyokunjuliwa, basi. Maiti haitikii salamu za wanaume.

Unalia nini, baba? Nipe mkono. Mungu awape riziki isiyowatisha... Fauzia, maji... hapana, acha. Nifunikeni vyema, wanangu. Huku... na kule. Msisahau kule.