Bi Telma Aliyeizima Seva Siku ya Kliniki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Kituo cha Afya Nuru ya Kusini, Bi Telma Valdemar, Mkuu wa Kitengo cha Mifumo, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Nimepewa ukurasa mmoja nimweleze. Jamani, Telma na ukurasa mmoja wapi na wapi!

Alizaliwa Kilambo, katika ukoo uliovuka Ruvuma zamani ukaanza kulima mpunga upande huu. Kwetu alianza kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipofika, sisi tuliifunika kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Yeye alikiondoa, akakaa, akaiwasha. Akasoma mpaka akapata stashahada, na leo wagonjwa wetu wanapanga siku za kliniki kwa simu kupitia tovuti aliyoijenga na wenzake.

Kwa maringo, usiombe. Umeme ulipokuwa ukikatika kila mara, Telma alifunga betri na sola, akatangaza kwamba seva yake, ile kompyuta kuu inayobeba tovuti na mafaili, haitazimika tena. Akabandika karatasi mlangoni: ZIMENI VYOTE, HII HAPANA. Akaipangia hata isijiwashe upya yenyewe baada ya masasisho. Wageni wakija, aliwapeleka wakaione kama anayeonyesha mjukuu.

Mwaka jana ikaja taarifa kwamba PHP, lugha iliyotumika kuandika tovuti yetu, imegunduliwa kuwa na dosari. Mwenye nia mbaya angeweza kupenya humo na kusoma mafaili ya wagonjwa, yakiwemo ya wanaochukua dawa za VVU. Na mji wetu mnaujua: neno likitoka Shangani asubuhi, mchana liko Likombe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Telma akasasisha, akaiuliza mashine inatumia toleo gani, ikajibu jipya. Akamhakikishia Mganga Mfawidhi, Dk. Pascal, kwamba tuko salama, na kwamba yeye si mtu wa kulala mlango wazi. Tukampigia makofi.

Asubuhi iliyofuata roho haikumtulia. Safari hii alifungua ukurasa wa majaribio kupitia tovuti, kama anavyofanya mgonjwa, ili ijibu seva yenyewe. Ikajibu toleo la zamani. Weee! Toleo jipya lilikuwa limeshawekwa kwenye diski, lakini seva iliendelea kutumia lile ililoanza nalo siku ilipowashwa, na kuzimwa ilikuwa haijazimwa. Fahari yake ndiyo iliyotuacha wazi.

Ilikuwa siku ya kliniki na mabenchi yalikuwa yamejaa. Fredi wa mapokezi akamsihi asubiri hadi jioni, watu waondoke. Telma akakataa katakata. Akaenda kwa Dk. Pascal, akamweleza kwamba alichomwambia jana hakikuwa kweli. Akatoka hadi kwenye mabenchi, akawaomba radhi wagonjwa kwamba watachelewa kwa sababu yake. Kisha akaizima seva kwa mkono wake mwenyewe. Machozi yalimlengalenga, nilimwona.

Ilipowaka akauliza tena kwa njia ileile, ikajibu toleo jipya. Hakuishia hapo. Alipitia rekodi za wote walioitembelea tovuti tangu dosari itangazwe, mstari kwa mstari. Waliojaribu kugonga walikuwepo, aliyeingia hakuna. Karatasi ya mlangoni akaichana, na Pendo, anayeshika kitengo sasa, amerithishwa desturi ya kuiwasha seva upya kila baada ya masasisho na kukagua kwa kupitia mlango wanaoutumia wagonjwa.

Wengine leo watamsifia kompyuta. Mimi nina langu. Jina langu limo katika mafaili yale, pamoja na wanaochukua dawa. Siku ile nilikuwa nimekaa masjala, nikisubiri seva iwake. Hakuna aliyewahi kuninyooshea kidole, kwa sababu hakuna aliyejua. Leo mnajua, tena mmejua kutoka kwangu, siku niliyoichagua mimi.

Ahsante, Telma, dada yangu. Nenda ukale matunda ya jasho lako na wajukuu. Tunakuombea afya njema na maisha marefu yenye furaha. Siri zetu umeziacha mikononi mwetu wenyewe.

Jesca, Masjala