Nusu Kidonge

Benchi la nje ya kibanda cha Fundi Saa lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi hiyo lilikuwa limebeba wanaume watatu, birika la kahawa na ubishi wao. Fundi mwenyewe alikuwa ametoka kuwafungulia siri ya nyumbani kwake. Jana daktari alishangaa kuona presha ya mkewe imepanda tena, ilhali dawa anapewa kila mwezi kwa kadi ya bima. Fundi hakushangaa. Yeye kadi hiyo ilimtema alipotimiza sabini, na tangu hapo kila asubuhi huchukua wembe wake wa kazini na kukata kidonge cha mkewe katikati. Nusu kwa bibi, nusu kwa bwana.

— Nani alianza mgawo huo? aliuliza Wakili, aliyefagia mahakama miaka kumi na hajaacha kutoa hukumu hadi leo.

— Yeye. Kasema tumekula sahani moja miaka arobaini na moja, hawezi kupona peke yake.

— Kesi nyepesi hiyo! Mpe talaka leo, muoe kesho. Utaandikwa upya kama bwana harusi. Bwana harusi gani ana sabini?

— Acha porojo, alidakia Redio, ambaye husikiliza vipindi vyote vya afya na kuvichanganya. Presha ya wanandoa ni moja. Walale wameshikana mikono, dawa itavuka yenyewe.

— Ivuke kwa pantoni? aliuliza Wakili.

— Cheka tu. Mwakani bima itakatwa kwa kiungo. Goti la kulia litalipiwa, la kushoto lijitegemee!

Walicheka hadi tofali likayumba. Fundi hakucheka.

— Mimi simwombi mtu radhi. Yule bwana wa ofisi ya bima ananiambia, "Mzee, umri wako umepita." Umepita kwenda wapi? Si nipo hapa natengeneza saa? Mke wangu hatapangiwa na karatasi amhurumie nani!

— Hapo umenena, fundi!

Wakagonganisha vikombe. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa amesimama na saa ya ukutani kwapani akisubiri zamu yake, aliiweka mezani kando ya wembe.

— Samahani, baba. Kwa hiyo kati yenu wawili, anayetibiwa ni nani?

Fundi aliutazama wembe, na woga ukamshika, woga wa kumpoteza mkewe kwa mkono wake mwenyewe. Akauchukua wembe, akautupa kwenye debe la taka, akaanza kufunga kibanda.

— Saa yako kesho, mama.

— Unakwenda wapi saa hizi? aliuliza Wakili.

— Nyumbani. Ameze kidonge kizima, nikimwona. Halafu tunakwenda wote wawili kukaa mlangoni kwa yule bwana, mpaka aniambie umri wangu ulipita kwenda wapi. Haya, inukeni.

— Tuinuke kwa nini?

— Benchi nalichukua. Huenda tukakaa sana.