Pindo na Mistari ya Chaki

Jina kamili la marehemu mnalo kwenye jalada la ratiba hii, pamoja na picha aliyoipenda mwenyewe, ile ya miwani ya giza. Humu ndani tutamwita Pindo. Hata mama yake akimwita kwa lile jina la shule, alikuwa anageuka kutazama ni nani mwingine aliyeingia.

Pindo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 2001, saa mbili asubuhi, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa dereva wa lori na mpishi wa shule. Alikuja wiki tatu kabla ya siku zake, akamkuta babu yake mzaa mama, fundi cherehani, hajamaliza kumshonea. Akavishwa kigauni ambacho hakijapindwa chini, nyuzi zinaning'inia. Wakunga wakacheka. Babu akawaambia wampokee hivyohivyo, pindo litafuata, na jina likapatikana hapohapo.

Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu aligundulika kuwa na seli mundu. Mama yake akafundishwa: anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asichoke kupita kiasi. Kwa hiyo mpira hakucheza. Wenzake wakienda uwanjani, yeye alikwenda dukani kwa babu, chumba kimoja chenye dirisha kubwa la barabarani, akakaa kwenye stuli pembeni ya cherehani ya miguu. Tukisema alikulia kwenye stuli ile hatujakosea sana.

Alianza shule ya msingi Januari 2008. Kila muhula alikosa siku nyingi kwa maumivu ya mifupa, ingawa ulimi wake haukuwahi kuumwa hata siku moja. Akiwa darasa la tano alimwomba babu yake vipande vya chaki na karatasi za kaki, zile za kukatia vipimo. Babu akamuuliza ni za nini, akajibiwa ni za kuandikia mistari. Fundi gani asingefurahi? Miaka miwili mzee aliwatambia wateja kwamba amepata mrithi, na kwamba kijana ameanza na mistari kabla ya kushika mkasi, ndivyo inavyotakiwa. Mpaka siku aliyovuta karatasi moja akate sketi ya mke wa mchungaji. Akaitandika juu ya kitambaa, akakuta kuanzia kiunoni mpaka magotini kumeelezwa jinsi mwalimu wa hesabu anavyokoroma mtihani ukiendelea, na kila mstari unaishia kwa sauti ileile. Aliisoma yote kwanza, ndipo akakumbuka kugomba.

"Hii ndiyo mistari yenyewe?"

"Ndiyo hiyo, babu. Kwani kuna mingine?"

Alimaliza sekondari Novemba 2018. Kiswahili alikuwa wa kwanza. Hesabu tusiizungumze leo.

Mwaka uliofuata alirudi dukani, akajifunza kushona vifungo na kupinda suruali, na alizipinda vizuri. Kazi iliyomfanya ajulikane ilianza Jumamosi, tarehe 12 Juni 2021, mchana. Duka la pili yake lilikuwa la binti mmoja fundi simu, ambaye siku hiyo alikuwa anajaribu kamera ya simu aliyoitengeneza. Akaielekeza dirishani kwa jirani. Pindo alikuwa amesimama anashusha mistari, cherehani ndiyo inampigia ngoma. Kadiri alivyoongeza kasi, ndivyo mguu wa babu ulivyomfuata bila mwenyewe kujua, mpaka mzee aliposhtuka na kusema, "Punguza mwendo, uzi utakatika!" Na uzi ukakatika. Binti akaiweka mtandaoni. Kufikia Jumatano ilikuwa imetazamwa mara laki nne.

Babu hakufurahi. Watu asiowajua walichungulia dirishani wakimwambia apunguze mwendo, akaona anachekwa uzeeni. Akamwendea fundi simu amwombe aifute.

"Babu, huku hakufutiki kama chaki," binti akamjibu. "Halafu hawakucheki. Wanakusalimia."

Ilimchukua miezi kuamini.

Pindo alitoa nyimbo kumi na moja, na zote zinaanza na cherehani ile. Kuna studio ilimtengenezea mlio kama huo kwa kompyuta; akausikiliza, akasema hauna mguu, akaondoka. Ikabidi mtaalamu wa sauti aje dukani na maikrofoni yake, wakaning'iniza vitambaa vya wateja ukutani ili chumba kisitoe mwangwi. Umaarufu ulimpanda kichwani kidogo, tuseme ukweli. Kwa karibu mwaka mzima alivaa miwani ya giza hata ndani ya nyumba, na hakuivua mpaka alipojikwaa kwenye stuli yake mwenyewe. Alikuwa mchelewaji, tena mla vya wenzake. Lakini hakuna mtoto aliyemwomba ubeti njiani akanyimwa.

Jambo moja lilimsumbua. Kila akitoa wimbo alimpelekea babu simu, kisha akarudi kumuuliza kama amefika mwisho. Babu alimjibu kila mara kwamba amefika katikati na ameelewa. Ukweli ni kwamba maneno yalimpita mbio, na alikuwa anaona haya kusema.

Hakujaliwa kufunga ndoa. Alimchumbia fundi simu yuleyule, familia mbili zikakutana tarehe 20 Desemba 2024, na harusi ilipangwa Novemba mwaka huu. Babu alikwisha kushona suti, imebaki kupinda suruali tu, maana bwana harusi kila akiitwa kupimwa alisema wiki ijayo.

Ilikuwa Januari mwaka huu babu alipotangaza mezani kwamba suti hiyo ndiyo nguo yake ya mwisho. Magoti yamekwisha, cherehani ataifunika. Wote wakamwambia ni haki yake kupumzika. Pindo, ambaye hakukosa la kusema hata kwenye msiba, hakusema kitu.

Mwezi wa nne akatoa "Kanyaga". Madereva waliupenda sana, wakaupiga safarini. Babu alipousikia barabarani alikasirika: mgonjwa gani huyu anayewahimiza watu waendeshe mbio? Huo hata katikati hakufika.

Julai marehemu alirudi kutoka kwenye onyesho amelowa mvua, na tarehe 21 akalazwa kwa maumivu ya kifua. Babu alikwenda kila alasiri. Alhamisi, tarehe 7 Agosti, mama yake akiwa anamenya chungwa, Pindo akamuuliza mzee kama "Kanyaga" ameusikiliza mpaka mwisho. Mzee akasema amefika katikati.

"Siku zote katikati. Leo nitausema polepole. Usije ukaniambia nipunguze."

Akausema bila ngoma, akipumzika kila baada ya mstari, na mwisho wake ni huu:

*Wanadhani nasema gari, wanatafuta gari langu,*
*kumbe ni mguu wa babu, ndio ngoma ya moyo wangu.*
*Kanyaga, mzee, kanyaga, nisikie chumbani kwangu;*
*ukiifunika cherehani, umeifunika sauti yangu.*

Mama aliacha kumenya. Babu akamsogelea mjukuu wake.

"Kwa hiyo si gari."

"Lini niliwahi kuendesha gari, babu?"

"Magoti yangu yamekwisha, mjukuu wangu."

"Hata yangu, babu."

Wakacheka wote wawili, mpaka muuguzi akaja kuwatuliza.

Pindo alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Jumapili mchana majirani walisikia cherehani. Mzee alikuwa anapinda suruali ya suti, kwa kipimo alichokikadiria kwa macho, maana mwenye nguo hakuwahi kuja kupimwa. Alikwenda polepole sana na uzi haukukatika. Mchumba alisimama mlangoni, simu mfukoni, hakuitoa. Hiyo ndiyo suti aliyovaa Pindo leo, na imemkaa sawasawa.

Marehemu ameacha baba na mama, mdogo wake wa kike, mchumba wake, babu yake, mashabiki ambao hatukujua kama wangetosha katika uwanja huu, na cherehani moja. Fundi ameomba mtangaziwe kwamba haitafunikwa. Kesho saa mbili asubuhi duka litafunguliwa, dirisha likiwa wazi.

Apumzike kwa amani, bila haraka yoyote.